Dakika Ishirini na Nane

Saa ya ukutani ya nyumba ile ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma. Saa nyingine huchelewa kwa sababu ya betri. Hii ilichelewa kwa mkono wa mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mama mwenye nyumba, fundi cherehani, mwanamke mwenye akili zake timamu na kazi tele. Chakula kilipoelekea kuchelewa alipanda kwenye kigoda, akausogeza mshale mkubwa nyuma dakika kumi na tano, ishirini, siku mbaya nusu saa nzima, kisha akashuka kimya kimya na kuendelea kukata vitunguu. Jioni, binti akishakula na kutulia, alipanda tena na kuurudisha mahali pake.

Msimcheke upesi. Binti yake wa miaka kumi na mitano alizaliwa na upungufu kwenye vinasaba, kitu kidogo kiasi kwamba daktari alikieleza kwa kuchora nukta kwenye karatasi. Kwa sababu ya nukta hiyo, tumbo la binti halikuwahi hata siku moja kumwambia kwamba limeshiba. Alikuwa na njaa akila, njaa akilala, njaa akiamka. Jikoni kuliwekwa mlango wa chuma na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mama pamoja na futi ya kupimia nguo. Kitu pekee kilichomtuliza binti kilikuwa kujua saa ya kula: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni. Baba yake, fundi rangi, akambandika jina la Bi Dakika, nalo likamganda. Saa saba ikipita bila sahani mezani, hasira ilimpanda kama maziwa jikoni, na hapo hakujali nani yuko mbele yake.

Shuleni ndipo palipoharibika. Siku ya mtihani kengele ya chakula ilichelewa. Bi Dakika akaingia ofisi ya walimu, akala vyakula vya walimu wanne, na alipozuiwa akachana daftari la mahudhurio na kumng'ata mkono mwalimu wa zamu. Mwalimu mkuu hakumfukuza. Alisema, kwa upole uliomchoma mama kuliko matusi, kwamba nafasi yake ingemsubiri mpaka shule ifunguliwe, iwapo ataleta barua kutoka kwa mshauri wa hospitali: amemaliza mikutano kumi na miwili ya kikundi, na amekaa wiki nne mfululizo bila kulipuka.

Wiki tatu zilikwishapita, na zote zilikuwa safi. Mama peke yake ndiye aliyejua zilisafishwa na nini.

*

Kikundi kilikutana kila Alhamisi asubuhi katika chumba cha mwisho cha wagonjwa wa nje. Ndani hamkuwa na kitu cha kuliwa wala dalili yake. Hata pipa la taka lilitolewa nje kabla vijana hawajaingia. Walikuwa sita tu. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, na hao sita walikusanywa kutoka kila pembe ya mji, mwingine akiamka alfajiri ili awahi. Sakafuni mshauri alikuwa amebandika namba kwa utepe, moja mpaka kumi, zikipanda kutoka mlangoni hadi dirishani. Kila kijana alisimama juu ya namba ya hasira yake, akaitaja, kisha akajaribu kushuka.

Wazazi walikaa kwenye benchi la korido, chini ya dirisha la vioo vya kupishana, wakijifanya hawasikilizi.

"Mimi niko sita," ilisikika sauti ya mvulana mnene ambaye wenzake walimwita Mheshimiwa kwa jinsi alivyopenda kubisha. "Lakini sita yangu ina sababu za msingi."

"Sababu tutazisikia," alisema mshauri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyomteleza puani kila alipoinama. "Kwanza shuka hadi tano."

"Nishuke bila kusikilizwa?"

"Shuka ndipo usikilizwe."

Vijana wakacheka, na Bi Dakika akacheka kuliko wote. Mama aliposikia kicheko kile alijisikia mabega yanalegea. Nyumbani binti yake alikuwa mtu wa kuuliza saa ngapi, bado ngapi, mbona hivi. Humu ndani alikuwa msichana tu kati ya wenzake.

Siku hiyo, mkutano wa kumi na moja, mshauri aliwagawia saa za mkononi zenye mikanda ya plastiki. Akawaambia: "Mtu akikwambia subiri, muulize dakika ngapi, kisha tazama hapa. Saa haina upendeleo. Haikupendi wala haikuchukii." Halafu akafungua mlango na kuwageukia wa kwenye benchi. "Na nyinyi wazazi, nawaomba. Mkiwaambia muda, uwe muda wa kweli. Hawa wanaweza kusubiri kuliko mnavyodhani. Wasichoweza ni kutojua."

Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mama naye akaitikia, macho yake kwenye ule mkanda wa bluu mkononi mwa mwanawe.

*

Jumamosi gesi iliisha saa sita na nusu, chakula kikiwa hata hakijachemka. Sebuleni mteja alikuwa amesimama mbele ya kioo kirefu akilalamika kwamba gauni linambana kiunoni, kana kwamba kiuno hicho alikileta fundi. Mama alimtuma mtoto wa jirani mtungi mpya, akapindua pindo la mteja kwa pini, akamsindikiza, akatazama ukutani. Hata mtungi ungefika sasa hivi, chakula kisingeiva kabla ya saa saba na nusu. Bi Dakika alikuwa bafuni anaoga. Mama hakufikiri. Mikono yenyewe ilijua njia. Alipanda kigoda, akarudisha mshale dakika arobaini, akashuka.

Saa ya mkononi aliikumbuka pale tu binti alipotoka bafuni akiifunga mkanda.

Bi Dakika akatazama ukutani, akatazama mkono. Akatazama tena ukutani. "Mama, pale ni sita na robo."

"Ee."

"Hapa ni saba kasoro dakika tano."

Hapo ndipo mama alipokuwa na nafasi yake. Ilikuwa hapo, wazi kabisa, na kwa siku nyingi baadaye aliirudia kichwani akiwa amepinda juu ya cherehani. Lakini alikuwa amechoka, jasho linamtiririka, gesi haijaja, na Jumatatu ya pili shule ingefunguliwa. "Labda yako ina kasoro, mwanangu," alisema. "Vitu vya bure hivyo."

Uso wa binti ukaanguka. Hakupiga kelele. Aliigonga saa kwa kidole, akaiweka sikioni, na machozi yakamjaa. "Nimeiharibu. Nimeoga nayo jana. Mshauri atasema sina utunzaji." Akaivua kwa uangalifu, akaifunika kwa kiganja. "Naenda kwa fundi simu anitazamie. Narudi kabla ya saa saba."

Kibanda cha fundi simu kilikuwa mlango wa tatu. Mama alibaki katikati ya sebule na futi shingoni. Angeweza kumkimbilia. Badala yake alikimbilia kigoda arekebishe ukuta. Alikuwa juu ya kigoda, mkono kwenye mshale, binti aliporudi.

"Fundi anasema saa yangu ni nzima," alisema Bi Dakika kutoka mlangoni. "Amelinganisha na simu saba." Kisha akamwona mama alipo na anachofanya.

"Shuka," akasema.

"Mwanangu, nisikilize..."

"Shuka, mama!"

Yaliyofuata majirani waliyasikia mpaka mwisho wa mtaa. Saa ilitoka ukutani ikapigwa sakafuni mara tatu. Kioo cha wateja kikafuata. Mama alimkumbatia kwa nyuma asijikate na vioo, na binti, mzito na mwenye nguvu, akamkokota huku akipiga kelele, "Tangu lini? Tangu lini?" Hakuuliza chakula. Saa saba ilimpita, ikapita saa saba na nusu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza chakula. Alipoishiwa nguvu alikaa chini, akaanza kujichuna ngozi ya mkono kwa kucha kama alivyofanya alipozidiwa, na mama akamshika vidole kimoja kimoja.

*

Baba aliporudi, rangi nyeupe ikiwa imemkauka kwenye kope, alikuta ukuta mtupu na mkewe anafagia. Aliketi kwenye kiti cha cherehani bila kuvua viatu. Aliambiwa yote, pamoja na habari ya mshale, ambayo hata yeye hakuwa ameijua.

"Kumbe ndiyo maana mimi huchelewa kurudi kazini siku ninazokula mchana hapa," alisema, akijaribu utani. Utani ukafia mdomoni. "Sasa ile fomu?"

Fomu ya mshauri ilikuwa juu ya kabati. Ilikuwa na safu ya tarehe na safu ya tukio, na kila jioni mzazi alitakiwa kuandika.

"Tukiandika, barua hakuna," alisema mama. "Mwalimu mkuu alisema wiki nne. Nafasi wanampa mwingine."

"Kosa lilikuwa letu, siyo lake."

"Fomu haiulizi kosa la nani. Inauliza tukio."

Baba akashika tama. Alikuwa mtu wa ngazi na ndoo, mambo ya karatasi yalimchosha kuliko jua. Mwisho alisema, bila kumtazama mkewe, "Andika hakuna."

Mama akaandika *Hakuna*. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa wazi kidogo, lakini hakuna aliyeuangalia.

*

Mkutano wa kumi na mbili wazazi waliruhusiwa kuingia. Viti vya plastiki vilipangwa kwa duara, na watu wazima wakakaa kwa adabu ya wageni. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini na kuvaa shati la harusi. Mshauri alikusanya fomu, akazipitia, na alipofika kwa ya mama akatabasamu. "Wiki nne safi. Hongereni sana. Barua yenu imeshachapwa, imebaki saini."

Mama alisema asante.

Vijana wakaitwa mmoja mmoja waonyeshe walichojifunza. Mheshimiwa alisimama kwenye tatu, akatoa hotuba ndefu, akaambiwa inatosha, akashuka hadi mbili kwa hiari yake. Halafu ikawa zamu ya Bi Dakika. Aliinuka, akatembea pembeni mwa namba bila kuzikanyaga, hadi dirishani, akasimama juu ya kumi.

"Leo uko kumi?" aliuliza mshauri.

"Leo niko nne. Jumamosi nilikuwa kumi. Nimekuja kuonyesha ya Jumamosi." Alizungumza akitazama vidole vya miguu yake. "Nilivunja saa ya ukutani na kioo cha wateja. Nilimvuta mama. Hapa nilijichuna."

Mshauri akaichukua ile fomu tena, akaisoma polepole, kana kwamba maandishi yangebadilika.

"Mama hakuandika kwa sababu ya barua," alisema Bi Dakika. "Nilisikia. Mimi naitaka barua. Lakini ulisema wiki nne."

Hapana aibu inayofanana na ya mzazi aliyeumbuliwa na mwanawe mbele za watu, tena mwana asiye na ubaya wowote moyoni. Mama aliona baba akilivuta pindo la shati lake la harusi kuelekea magotini. Aliona wazazi wengine wakitazama pembeni kwa heshima, jambo lililokuwa baya kuliko kutazamwa.

"Nini kilikupandisha hadi kumi?" aliuliza mshauri.

Binti akafungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. "Hiyo aseme mwenyewe."

Mama angeweza kusema ni gesi. Gesi ilikuwa kweli. Badala yake akainuka, na kwa kuwa hakujua aseme akiwa wapi, alikwenda akasimama kwenye namba, yoyote iliyokuwa karibu. "Mimi huwa narudisha saa nyuma," alisema. "Chakula kikichelewa. Mwaka wa pili sasa. Alipogundua nikamwambia saa yake ndiyo mbovu. Akaamini. Akalia kwamba ameiharibu. Yeye hakulipuka kwa sababu ya njaa. Mimi ndiye niliyemlipua."

Mheshimiwa akainua mkono. "Kwa hiyo mshtakiwa ni mama?"

"Kaa chini, Mheshimiwa," alisema mshauri.

"Nauliza tu."

"Ndiyo," mama alimjibu. "Ni mimi."

Mshauri akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa. Alionekana amechoka kama wao. "Barua siwezi kuitia saini," alisema. "Siwezi kuandika wiki nne zisizokuwa wiki nne. Nitakachoweza ni kuanza kuhesabu leo, na kumpigia mwalimu mkuu mimi mwenyewe." Kisha akamgeukia Bi Dakika. "Na wewe, umesimama kwenye kumi na kusema kumi, bila kupiga mtu. Hilo sikuwafundisha. Umelileta mwenyewe."

Simu kwa mwalimu mkuu ilipigwa hapohapo koridoni, na jibu lilikuja la adabu. Nafasi isingeweza kusubiri. Waje muhula ujao, wataona. Baba alipewa simu, akasema, "Tumesikia, mwalimu, ahsante," kwa sauti aliyoitumia kwa matajiri waliomkatia ujira. Kisha akaondoka kwenda kumalizia ukuta aliouacha nusu.

Mama alipokuwa anatafuta kivuli cha kusimama, mama mwingine wa kikundi alimsogelea, mwuguzi mstaafu mwenye mvulana mpole asiyesema kitu. "Usijione uko peke yako," alimnong'oneza. "Mimi wangu namwambia duka limefungwa. Huu mwaka wa sita, duka limefungwa."

Wakatazamana, na kwa mshangao wao wenyewe wakacheka mpaka wakashikana mikono.

*

Walifika nyumbani saa sita na dakika arobaini na tano. Ukutani palibaki msumari na duara jeupe mahali saa ilipokuwa. Jikoni hakuna kilichopikwa. Mama alifungua kufuli, akapima kwa jicho, akapima tena, kisha akatoka kwenye mlango wa chuma na kumkabili binti yake, jambo ambalo kwa miaka miwili kigoda kilikuwa kimemwepushia.

"Chakula kitachelewa."

Bi Dakika akasimama wima. Shingo ikaanza kuvimba. "Dakika ngapi?"

"Ishirini na tano baada ya saa saba."

"Ishirini na tano."

"Ndiyo. Najua ni nyingi. Nisamehe."

Mama akaingia, akafunga mlango, kwa kuwa mlango lazima ufungwe, akawasha moto. Kupitia bati la mlango alisikia pumzi ya mwanawe, nzito, na sauti ikitaja namba. "Tano." Kimya. "Sita." Kiti kikasukumwa. "Saba, mama! Niko saba!"

"Nimekusikia. Saba."

"Sasa hivi ni saa saba kamili!"

"Nimekusikia."

Bati likapigwa teke moja, sufuria zikatikisika. Mama alifumba macho akisubiri la pili. "Nane," ikasema sauti, ikitetemeka kwa kilio. Kisha kwa muda mrefu hakukusikika kitu isipokuwa maji yanayochemka na Bi Dakika anayevuta pumzi na kuitoa. "Nane." Muda ukapita. "Nane bado." Mama alipunguza moto, akapakua kabla hata mvuke haujatulia, akaunguza kidole, hakujali. Alipofungua mlango alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, amekishika kifundo cha mkono chenye saa kwa mkono wa pili. Mkono haukuwa umechunwa.

Alikula bila kuinua kichwa, kama alivyokula siku zote. Katikati ya sahani akasita.

"Ulisema ishirini na tano."

"Ee."

"Ni ishirini na nane."

Mama akaketi mbele yake. "Kweli. Nimezidisha tatu."

"Andika," alisema Bi Dakika, mdomo umejaa.

Ile fomu mpya waliyopewa ilikuwa bado imekunjwa mkobani, haina hata alama. Mama akaikunjua juu ya meza, akatoa penseli ya kuchorea vitambaa iliyokuwa sikioni, akaandika tarehe. Kwenye safu ya tukio akaandika: *Nimechelewesha chakula dakika ishirini na nane. Nilimwambia ishirini na tano. Alisubiri.* Akaigeuza karatasi isomwe, na binti akaisoma yote, kidole kikifuata maneno, kisha akarudi kwenye sahani yake.